Swali ni Deni: Likizo ya Wanafunzi wa Uganga Vijijini Walungu

Wazee wetu walisema kwamba kuuliza si ujinga. Neno hilo ni la kweli. Lakini liko neno la pili ambalo vijana wetu wa vyuo vikuu wanapaswa kulijua kabla ya kupanda milima ya Walungu: anayeuliza amekopa. Mtu akikupa habari za nyumba yake, za chakula chake, za mtoto wake mgonjwa, amekupa mali. Nayo mali ya mtu hairushwi njiani wala haifichwi kabatini. Hutunzwa, kisha hurudishwa.

Twasema hayo kwa sababu ya kazi inayofanyika wakati wa likizo kubwa, ile wengine waitayo vakansi. Kiangazi kinaposhika nchi ya Bushi na maharage yakiisha kuvunwa, baadhi ya wanafunzi hutoka Bukavu kwenda vijijini, wavulana kwa wasichana, wakiwa na daftari, mizani ya kupimia watoto na mkanda mdogo wenye rangi tatu. Wanapita nyumba kwa nyumba. Wanauliza mtoto ana umri gani, jana alikula nini, maji yanatekwa wapi. Watu wa kilima huwapokea kwa namna mbalimbali. Mmoja hujibu kwa moyo. Mwingine hujibu ili wageni waondoke upesi. Na wa tatu husema, “Walikuja wengine kabla yenu. Waliandika, wakaenda, nasi hatukuona kitu.” Lalamiko hilo lina uzito, na katika makala haya twataka kulijibu.

NI KAZI GANI HIYO?

Mji wa Bukavu una shule kubwa za uganga. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianza mwaka 1989. Pamoja nacho kiko Chuo Kikuu cha Serikali, Chuo Kikuu cha Kiinjili, na Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Uganga inayofundisha wauguzi na wengine. Mwanafunzi wa shule hizo hatosheki na kusikiliza mwalimu darasani. Hufanya staji, yaani kazi ya mazoezi, katika hospitali na vituo vya afya; tena hutakiwa kuandika kitabu kidogo juu ya jambo alilolichunguza mwenyewe.

Staji ya hospitali na kazi ya uchunguzi ni ndugu wawili, lakini hazifanani. Anayetibu huuliza: “Huyu anaumwa nini?” Anayechunguza huuliza: “Kwa nini kilima hiki kina wagonjwa wengi kuliko kile?” Wa kwanza humponya mtu mmoja. Wa pili, akiifanya kazi yake vema, huweza kuuzuia ugonjwa usifike kwa mia.

Tutazame ule mkanda wa rangi tatu. Unafungwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa kuanzia miezi sita hadi kabla ya kutimiza miaka mitano. Kipimo kikiwa sentimeta 12.5 au zaidi, ni kijani: mkono haukukonda. Kikiwa kati ya 11.5 na 12.5, ni njano: mtoto ameanza kudhoofika. Kikiwa chini ya 11.5, ni nyekundu: apelekwe kutibiwa pasipo kukawia. Na kwa kuwa mtoto mwenye bwaki aweza kuvimba badala ya kukonda, mwanafunzi hubonyeza pia kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, akihesabu muda wa sekunde tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, ugonjwa ni mkali, hata kama mkanda haukuonyesha wekundu. Mzazi, jambo hilo waweza kulitazama hata wewe nyumbani kwako leo jioni.

MASWALI YALIYOZAA MATUNDA

Je, maswali hayo yana faida? Twaweza kujibu kwa mambo yaliyotokea katika Kivu yetu wenyewe.

Huko Lwiro, katika wilaya ya Kabare, ilianzishwa taasisi ya uchunguzi wa elimu mwaka 1947. Katika miaka ya 1960 wachunguzi walivuka ziwa mpaka kisiwa cha Idjwi kutazama ugonjwa wa rovu, ule uvimbe wa shingo. Ilijulikana kwamba rovu hutokea mahali penye upungufu wa iodini katika chakula. Lakini wachunguzi waliona ajabu: iodini ilikuwa haba kaskazini mwa kisiwa na haba vilevile kusini-magharibi, na bado rovu zilikuwa nyingi sana kaskazini na chache kule kusini. Ikabidi kuuliza zaidi. Watu wanakula nini? Uchunguzi uliofuata ukaelekeza kwenye muhogo: sumu iliyomo ndani yake, ikiingia mwilini, huzuia ile iodini kidogo isifanye kazi. Sehemu ya jibu ilikuwa ndani ya chungu cha mpishi.

Muhogo huohuo ulileta msiba mwingine katika nchi jirani ya Walungu. Katika Burhinyi, wilaya ya Mwenga, walionekana watu waliopooza miguu ghafula. Ugonjwa huo huitwa konzo, nao uliandikwa kwa mara ya kwanza na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, magharibi ya Kongo. Huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa wakikosa maharage, samaki na nyama. Mwaka 2011 wachunguzi walitangaza kwamba konzo imefika Kivu ya Kusini, katika nchi iliyoharibiwa na vita. Ni rahisi kufahamu: mwenye hofu na njaa hangoji siku zote za kuloweka.

Na hapa iko faida ya kuchukua nyumbani. Kuloweka vema kubaki ndiyo njia ya kwanza. Lakini hata unga ukiwa umekwisha sagwa, iko njia ya kuupunguzia sumu. Weka unga katika beseni, tia alama mahali ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimeta moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Ile sumu hutoka na kwenda hewani. Kisha pika bugali siku hiyohiyo. Njia hiyo ilipatikana kwa kazi ya wachunguzi, na haihitaji hata faranga moja.

Tena, ni nani alijua habari za Kamituga? Mwezi wa Septemba 2023 katika hospitali ya mji huo wa dhahabu walionekana wagonjwa wenye vipele. Walioko pale hawakusema, “Ni upele tu.” Waliandika, walichukua vipimo, navyo vikachunguzwa. Ikaonekana kwamba ni namna mpya ya ugonjwa wa mpox. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari kwa mataifa yote, tangazo lililodumu mpaka Septemba 2025. Dunia nzima ilionywa kwa kuwa watu wa hospital ndogo walifungua macho na kuandika.

DAFTARI LA MIAKA THELATHINI

Mfano mmoja zaidi, nao watuingiza katika jambo lenyewe. Bwaki ni jina letu. Mataifa huuita ugonjwa huo kwashiorkor. Jina hilo latoka katika lugha ya watu wa Accra, katika Ghana ya leo. Daktari Cicely Williams alilitangaza mwaka 1935, baada ya kuwasikiliza wanawake wa huko, ambao walijua siku nyingi kwamba ugonjwa humpata mtoto aliyeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa.

Hospitali ya watoto ya Lwiro imewatibu watoto wengi wenye utapiamlo mkali. Kadi zao za miaka ya 1988 mpaka 2007 zilitunzwa. Baadaye wachunguzi wakaenda kuwatafuta wale watoto, sasa watu wazima. Waliwapima 524, ambao nusu yao walikuwa wamefikia umri wa miaka 22 au zaidi, wakawalinganisha na wenzao 407 wa vijiji vilevile ambao hawakuugua hivyo utotoni. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Walioponywa walikuwa hai, ashukuriwe Mungu. Lakini kwa jumla alama zao katika kipimo cha akili zilikuwa chini, walijithamini kidogo kuliko wenzao, na wachache zaidi walifika mbali shuleni. Maana yake, kumtoa mtoto katika kifo hakutoshi. Afuatwe na kusaidiwa miaka mingi, na zaidi ya yote azuiliwe asiugue.

Sasa fikiri, ewe mwanafunzi. Elimu hiyo ilisimama juu ya nini? Juu ya kadi. Mwuguzi mmoja, jioni, amechoka, taa ni hafifu, aliandika kilo za mtoto mmoja bila kujua kwamba atasomwa baada ya miaka thelathini. Kama angaliandika kwa kubahatisha, kazi yote ingalijengwa juu ya mchanga.

UONGO CHINI YA MTI

Kuna kishawishi kinachowapata vijana katika kazi hii, nacho kitajwe wazi. Mwanafunzi ametumwa nyumba thelathini. Amekwisha fika kumi na nane. Jua ni kali, na zile kumi na mbili zilizobaki ziko ng’ambo ya bonde, mlimani juu. Anaketi chini ya mti wa avoka, anafungua daftari, na kujaza mwenyewe: mtoto wa kwanza kijani, wa pili kijani, wa tatu njano ili isionekane kama uongo. Nani atajua?

Atajua Mungu, kwanza. Amri ya nane haisemi juu ya mabaraza ya hukumu peke yake. Inakataza kila ushuhuda wa uongo juu ya jirani. Na yule anayeandika “mzima” juu ya mtoto asiyemwona amemshuhudia jirani uongo.

Lakini tazama pia madhara yake. Nyumba zilizo mbali na njia ndizo mara nyingi zilizo mbali na kituo cha afya, na ndizo zenye wagonjwa. Dawa na chakula cha watoto waliokonda hugawanywa kwa kufuata hesabu. Hesabu ikisema kilima kile hakina wekundu, sanduku litapelekwa kilima kingine. Mtoto ng’ambo ya bonde atangoja kitu kisichokuja, na mama yake hatajua kamwe kwamba kilizuiliwa na kalamu. Ndiyo maana wasimamizi wema hurudi katika baadhi ya nyumba na kuuliza upya. Njia ya mwongo ni fupi. Basi, ikiwa huwezi kufika, andika: “Sikufika.” Neno hilo ni ukweli, na ukweli waweza kutumika.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Mama anayeona haya husema, “Jana tulikula samaki,” kumbe walikula bugali na mboga ya majani tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umaskini si dhambi, wala kuutaja si aibu.

MLANGONI MWA NYUMBA YA MTU

Mwaka 1964, huko Helsinki, waganga wa mataifa walikubaliana juu ya sheria za uchunguzi wa wanadamu. Moyo wa sheria hizo ni huu: mtu haulizwi wala hapimwi pasipo kuelezwa na kukubali kwa hiari, na faida ya elimu haipiti heshima ya mtu. Mkristu hashangai, maana amefundishwa kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi kijana afanyeje mlangoni? Tuseme amekwisha kujionyesha kwa chifu na kwa mkuu wa kituo cha afya, sasa amefika kwa mama mmoja.

“Asinge, Mama.”

“Asinge, mwanangu. Karibu. Unatafuta nini?”

“Mama, mimi ni mwanafunzi wa uganga, natoka Bukavu. Naomba kumpima mtoto na kukuuliza maswali machache juu ya chakula. Ukikataa, hapana atakayekukasirikia, na kituo cha afya kitakupokea kama siku zote.”

“Na hayo utakayoandika, majirani watayajua?”

“Hapana, Mama. Humu mna namba, hamna jina lako.”

“Na mtoto akionekana mgonjwa, utaandika tu na kwenda zako?”

“Hapana, Mama. Nitakupa barua sasa hivi, na kesho nitauliza kituoni kama mmefika.”

Swali la mwisho la mama huyo ndilo kubwa kuliko yote. Asiyeweza kulijibu asitoke Bukavu.

Tena kuna vidonda visivyoguswa na mkono usiofundishwa. Tangu vita vya mwaka 1996, watu wa Walungu wamepata mateso makali, na wanawake wengi walitendwa maovu yasiyosemeka. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imewatibu maelfu. Wako waliosimulia habari zao mara nyingi mbele ya wageni wenye madaftari. Mwanafunzi wa likizo asiwafungulie tena kidonda hicho kwa kutaka kujua. Kazi hiyo ni ya waliofundishwa, wenye mahali pa siri na wenye msaada wa kutoa papo hapo.

KURUDISHA JIBU

Twafika kwenye lile lalamiko: “Waliandika, wakaenda.” Walungu yenyewe ina mfano wa njia bora. Kuanzia mwaka 2008 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, pamoja na wenzao wa Bukavu, walifanya kazi na familia za wilaya hiyo. Familia ilipewa nguruwe jike mchanga. Alipozaa, ilirudisha watoto wawili, nao wakapewa familia nyingine. Wakati huohuo wachunguzi waliuliza: je, afya inabadilika? Je, amani inaongezeka nyumbani? Kuuliza na kusaidia vilikwenda pamoja.

Mwanafunzi hana nguruwe wa kugawa. Lakini jibu analo, na jibu laweza kurudi kama wale watoto wa nguruwe. Kabla ya kuondoka, au kabla mwaka haujaisha, aombe ruhusa ya paroko na ya chifu, akutane na watu baada ya Misa au kituoni siku ya kupima watoto. Aseme kwa Mashi au kwa Kiswahili rahisi: “Tuliwapima watoto kadha. Kati yao wenye wekundu walikuwa kadha. Nyumba zinazoteka maji ya bondeni zina kuhara zaidi. Twashauri hivi na hivi.” Asitaje jina la mtu. Kisha aache nakala ya kazi yake kituoni, ili atakayekuja mwakani asianze tena kwa swali la kwanza. Kitabu kinachokaa Bukavu peke yake kimempa mwandishi cheti. Kilima bado kinadai.

KWENU WAZAZI

Twajua mnayoyasema: “Mtoto tumemlipia mwaka mzima, na likizo ikifika badala ya kusaidia shambani anakwenda kuhesabu watoto wa wengine, wala halipwi.” Neno hilo lina haki yake. Familia zenye nafasi katika parokia ziwapokee wanafunzi, hasa wasichana, katika nyumba salama, na kuwapa chakula. Mwanafunzi naye asikae kama mgeni wa heshima: achote maji, ashike jembe asubuhi, kisha achukue daftari. Wenyeji humjibu kweli yule waliyemwona akifanya kazi.

Wala tusisahau hatari. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, na mwaka huo mapigano yalifika hata sehemu za Walungu. Hapana uchunguzi ulio na thamani kuliko uhai wa mtoto wenu. Njia isipokuwa salama, abaki. Kazi ipo: kadi na vitabu vya wagonjwa katika hospitali iliyo karibu vyangoja mtu wa kuvisoma na kuvipanga kwa uaminifu.

Kanisa limempandisha altareni daktari aliyeunganisha mambo hayo mawili, elimu na huruma. Ni Mtakatifu Giuseppe Moscati wa Napoli, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki 1927, akatangazwa mtakatifu mwaka 1987. Alikuwa mwalimu na mchunguzi katika maabara, tena aliwatibu maskini bila malipo. Hakuona kwamba kupima kwa uangalifu ni jambo moja na kupenda ni jambo jingine.

Enyi vijana wa Bukavu, nendeni basi, njia zikifunguka. Ombeni ruhusa, andikeni mliyoyaona tu, tunzeni siri, mpelekeni mgonjwa kituoni, na rudini na jibu. Nanyi watu wa Walungu, wapokeeni na kuwaambia kweli; na wasiporudi, wadaini.